Krediti Thelathini za Kaimu

Siku ambayo Kaimu alikuwa aambiwe kama krediti zake za zamani zitahesabiwa au zitatupwa, nyumba ilijaa kabla hata saa haijafika. Kikao kilikuwa cha saa kumi alasiri, Jumamosi, kwa video, yeye na mshauri wa masomo wa chuo chake cha mtandaoni, watu wawili tu. Ndivyo barua pepe ilivyosema. Lakini tangu saa tisa sebule ilikuwa na watu utadhani kuna harusi. Mama mkwe alikuwa ameshika kiti cha dirishani, miguu juu ya kigoda. Mdogo wake Kaimu, msusi, alikuwa amefunga kibanda chake cha nywele akaja na mteja wake mzimamzima, upande mmoja wa kichwa umeshasukwa na upande wa pili umesimama wima. Mwalimu wa hesabu, aliyefundisha na Kaimu shule moja miaka mingi mpaka watu wakamwita Hesabu tu, alikuja na daftari kwapani. Na Fundi, mumewe, mtengeneza mafriji, alikuwa anavuta waya wa umeme kutoka chumbani ili kompyuta isije ikazimika katikati ya maneno.

"Jamani, hiki ni kikao cha watu wawili," Kaimu alisema, akinyoosha kola. Juu alikuwa amevaa blauzi yake ya kazini iliyopigwa pasi. Chini, mahali kamera haifiki, kitenge cha kufulia na ndala.

"Sisi hatupo, dada. Wewe ongea. Sisi ni fanicha," msusi akamjibu.

"Fanicha gani inapiga mdomo hivyo?" mama mkwe akauliza, na yule mteja wa nusu kichwa akacheka mpaka akajishika mbavu.

Jina la Kaimu alipewa na chumba cha walimu. Miaka saba nyuma mwalimu mkuu wao alihamishwa ghafla, na yeye, mwalimu wa darasa la pili, akaambiwa akalie kile kiti kwa muda, wiki mbili hivi, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Wiki mbili zikawa muhula, muhula ukawa mwaka, na kila mwaka ofisi ya elimu ilimwandikia barua ileile ikibadilisha tarehe tu: unaombwa kuendelea kukaimu. Akaendelea. Alitia milango kwenye vyoo vya wasichana. Alijua mtoto gani halali kwao na mzazi gani akija na sauti ya juu ujue ana aibu ya kitu fulani. Walimu wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya kiti kimoja chenye mto aliwapatanisha kwa kukichukua kile kiti akakipeleka stoo. Shule ile ilikuwa yake, isipokuwa kwenye karatasi.

Na sasa karatasi ndiyo ilikuwa imekuja. Waraka ulisema kuanzia Januari hakuna shule itakayoongozwa na mtu asiye na digrii. Mwenye nayo atathibitishwa. Asiye nayo atarudi darasani.

Kaimu hakushtuka waraka ulipotoka, maana habari za ofisi ya elimu humfikia msusi kabla hazijamfikia ofisa mwenyewe. Wake wa maofisa nao wana vichwa, na vichwa husukwa. Miaka miwili kabla, msusi alikuja mbio na vitana mkononi: "Dada, wanataka digrii. Anza sasa hivi, kabla hawajasema." Akaanza wiki ileile. Akiwa na miaka hamsini na tano, alisoma ofisini wakati wa mapumziko, alisoma kwenye foleni ya kliniki akiwa na mama mkwe, alisoma jikoni kompyuta ikiwa juu ya pipa la unga. Watu wa nyumba walijifunza kunyamaza akiwa na mtihani, na kwa nyumba ile huo ulikuwa muujiza.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Digrii ilitaka krediti mia na ishirini. Sabini na nane angezisoma chuoni hapo. Kumi na mbili ni za mazoezi ya kufundisha. Thelathini zilizobaki angezihamisha kutoka diploma yake ya ualimu, aliyoisoma akiwa tayari ni mtu mzima. Tatizo lilikuwa moja tu: krediti za diploma huishi miaka kumi, na miaka kumi ya Kaimu ilikuwa inakwisha Desemba hiyo. Akihitimu kabla Desemba haijaisha, zinahesabiwa. Desemba ikipita, zinakufa. Kwa hiyo alikimbia. Kufikia Agosti alikuwa ameshafaulu masomo yote, mazoezi ameshafanya, fomu ameshatuma. Lakini kwenye ukurasa wake wa chuo, penye neno la kuhitimu, palikuwa pameandikwa "inasubiri mapitio", na pamekaa hivyo miezi miwili.

Huyu wa leo alikuwa mshauri wake wa nne. Kila mmoja alikuwa na jina lake pale nyumbani. Wa kwanza walimwita Usijali, kwa kuwa kila alichoulizwa alijibu hivyo. Wa pili, aliyependa kupiga simu badala ya kuandika, na kucheka hata pasipochekesha, alikuwa Kicheko. Wa tatu alikuwa Likizo: kila ukimwandikia unajibiwa papo hapo kwamba yuko likizo. Huyu wa nne hakuwa na jina bado. Walikuwa wamekuja kumwona ndipo wampe.

Saa kumi na dakika mbili akatokea kwenye kioo: binti, vifaa vya masikioni vimemziba nusu ya mashavu, nyuma yake ukuta mweupe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ana adabu," mama mkwe alinong'ona, na mnong'ono wa mama mkwe husikika mpaka kwa jirani.

Binti akaanza kufungua faili. Hakuwa na porojo. Alisoma masomo ya Kaimu moja baada ya jingine, na kila moja akasema, "Hili sawa." Sabini na nane zikapita. Akafika kwenye diploma. Akasoma, midomo ikicheza.

"Na hizi thelathini za diploma," akasema, "zimekubaliwa."

Msusi alitupa mikono juu. Mteja wake, ambaye hata hakujua krediti ni kitu gani, akapiga kigelegele kimoja kifupi akajiziba mdomo.

"Mwalimu, kuna watu hapo?"

"Ni redio," Kaimu akasema. Fundi akaigeukia redio iliyokuwa imezimwa, akajifanya anaizima.

"Sawa. Basi tumebakiza mazoezi ya kufundisha." Binti akasogeza uso karibu na kioo. "Mwalimu, naomba unisaidie hapa. Ulifanya mazoezi shule gani?"

"Shule yetu. Darasa la pili. Wiki kumi na mbili, kila siku vipindi viwili, sikukosa hata siku moja."

"Na aliyekusimamia?"

"Fomu ilisema msimamizi ni mwalimu mkuu."

"Ndiyo, ndivyo ilivyo. Hapa penye msimamizi naona sahihi. Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hii ya chini, penye mwanafunzi?"

"Yangu pia."

Hapo ndipo Hesabu aliinamisha kichwa. Wengine walikuwa bado wanatabasamu, wakingoja neno jingine zuri.

Mtu wa nje angecheka. Mtu mzima mwenye akili zake anajisimamiaje mwenyewe, anajipa maksi, anajisainia? Lakini mtu wa nje hajawahi kukaa kwenye meza ile. Kutwa nzima karatasi zinaletwa zenye mstari mmoja chini: sahihi ya mwalimu mkuu. Mtoto anahama, saini. Mwalimu anaumwa, saini. Vijana wa vyuo wanakuja na vitabu vyao vya mazoezi, saini, saini, saini. Kwa miaka saba hapakuwa na mkono mwingine uliowahi kuugusa mstari ule. Walimu wa pale wote walijua kwamba karatasi isiyo na sahihi ya Kaimu haitoki getini. Hata alipojiombea ruhusa ya kwenda kuzika, aliiandika barua kwa mwalimu mkuu, akaizungusha, akaijibu: umeruhusiwa. Hakuna aliyecheka. Mafaili yalikuwa yanataka hivyo.

Na juu ya hayo aliuliza. "Mwanangu, nilimpigia mwenzako," alisema, sauti bado imetulia. "Yule kaka aliyekuwepo kabla ya Likizo... kabla ya huyu aliyekutangulia. Nikamwambia, fomu inataka mwalimu mkuu asaini, na mwalimu mkuu ni mimi. Akacheka. Akaniambia, basi mama umerahisishiwa, saini."

"Alikuandikia?"

"Aliniambia. Kwa simu."

"Mwalimu, yule alishaondoka chuoni. Na ushauri wa simu hatuutunzi. Ungekuwa na barua pepe yake, hata ya mstari mmoja, ningekupigania mpaka mwisho. Hapa kwenye faili lako hakuna kitu. Panaonekana mwanafunzi amejisimamia mwenyewe, basi."

"Kwa hiyo?"

Binti akavua vifaa vya masikioni, akavivaa tena. Kisha akasema yote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha. Mazoezi hayahesabiwi. Lazima yarudiwe, wiki kumi na mbili, chini ya msimamizi mwingine mwenye digrii. Oktoba hii wiki kumi na mbili haziingii kabla Desemba haijaisha. Zitaangukia Januari. Na ikifika Januari zile thelathini za diploma zitakuwa zimekwisha muda. "Zitafutika zenyewe, mwalimu. Mfumo unafuta. Mimi siwezi kuuzuia."

"Si umesema zimekubaliwa? Dakika tano hazijapita!"

"Zimekubaliwa. Lakini zinahesabiwa siku ya kuhitimu, si siku ya kukubaliwa."

"Heee!" mama mkwe akasema kwa sauti yake yote, na hakuna aliyejisumbua tena kuisingizia redio.

Binti alionekana kuona aibu. Akaangalia pembeni, kisha akarudi. "Kuna njia moja. Sikuahidi. Kama pale shuleni kuna mtu mwenye digrii, aliyekuwa kazini wiki zilezile, aliyekuona unafundisha, aandike barua na asaini kama msimamizi. Niletee ndani ya wiki mbili. Hapo naweza kuomba wakufikirie."

Alipokata, msusi akawa wa kwanza kupata sauti. "Huyu tumwite Msemakweli," akasema, na hakuna aliyebisha. Kisha akapiga kofi paja lake. "Sasa mnanuna nini? Si yupo yule Digrii wenu? Asaini!"

Digrii alikuwa mwalimu mgeni, mwanamke wa miaka ishirini na saba, peke yake shule nzima aliyekuwa na shahada. Chumba cha walimu kilikuwa kimeshamaliza kumjadili tangu siku aliyofika. Kwamba ametumwa kuchunguza. Kwamba ana mjomba ofisini. Kwamba anavyopita mbele ya ofisi ya Kaimu anapima mapazia. Msusi alikuwa amechangia sehemu kubwa ya habari hizo, na alizisambaza kwa moyo mmoja.

"Alifika lini?" Hesabu akauliza polepole.

"Katikati ya mwaka."

"Katikati wapi?"

Hakuna aliyetaka kukumbuka. Fundi alikuwa anakunja waya wake, akiuzungusha kwenye kiwiko, na hakuinua macho.

*

Jumatatu Kaimu alifika ofisini mapema. Ofisi yenyewe ni chumba cha dirisha moja, kabati la chuma lenye mlango usiofungika bila goti, ramani iliyopauka, na kengele ya mkono juu ya meza. Alimwita Digrii kabla ya mstari wa asubuhi. Akamweleza kila kitu bila kupunguza. Hakuwa na haya. Haya ilikuwa imemwishia Jumamosi.

Digrii alisikiliza akiwa amesimama. "Nitasaini, Mama," akasema kabla Kaimu hajamaliza. "Nipe kalamu."

"Kaa kwanza."

"Mama, nani atajua? Kila mtu hapa anajua unafundisha. Mimi mwenyewe nimekuja kukaa nyuma ya darasa lako mara ngapi, najifunza unavyowashika wale watoto?"

"Ulikuja. Baadaye." Kaimu alikuwa ameshalitoa daftari la kuripotia, lile kubwa lenye jalada gumu, akalifungua penye utepe. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Jina la Digrii, namba ya barua yake ya kupangiwa kazi, na tarehe aliyoripoti. Kaimu akaweka kidole hapo. Kisha akaweka kidole kingine kwenye nakala ya fomu ya mazoezi, penye tarehe ya mwisho. Kati ya kidole na kidole palikuwa na siku kumi na moja.

"Siku kumi na moja tu?" Digrii akasema.

"Wiki kumi na mbili na siku kumi na moja. Nilipokuwa nafundisha siku ya kwanza, wewe ulikuwa bado hata barua ya kazi hujapata."

"Tubadilishe hapa. Daftari ni lako."

Kaimu alilitazama daftari. Uongo ni uongo, lakini asiseme mtu kwamba hakuufikiria. Aliufikiria, tena kwa urefu. Kalamu ilikuwepo. Tarehe ile ilikuwa na moja na tisa, tarakimu ambazo mtu mwenye mkono mzuri anaweza kuzifanya chochote. Lakini kila mwisho wa mwezi yeye mwenyewe alipeleka orodha ya walimu ofisi ya elimu, nakala tatu, na alikuwa msafi mno wa kazi. Orodha ya mwezi uliotangulia haikuwa na jina la Digrii. Ya mwezi aliofika ilikuwa nalo, na pembeni maneno haya: ameripoti, amepokelewa.

"Nimeshapeleka nakala," akasema. "Watalinganisha siku watakapotaka. Nami nitaondoka, sawa, mimi ni mtu mzima. Na wewe watakunyang'anya kazi kabla hujajua hata choo cha walimu kinafungwaje."

Digrii akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu. "Watu wanasema nimekuja kukuondoa. Mimi niliomba kufundisha, Mama. Sikuomba ofisi."

"Najua wanavyosema. Mdogo wangu ndiye aliyeanzisha." Kaimu akampa karatasi ya kujifutia. "Nenda kapige kengele, watoto wamechelewa."

Likabaki daftari la Hesabu. Maana Hesabu, kwa hiari yake, wiki zile zote alikaa nyuma ya darasa la pili, kipindi chake kikiwa kitupu, akaandika alichokiona. Hakuna aliyemtuma, alisema haiwezekani mtu afanye mazoezi bila mtu kuandika. Daftari hilo ndilo alilokuja nalo kwapani siku ya kikao. Jioni ile wakakaa mezani kwa Kaimu kulichapa, Hesabu akisoma, msusi akiandika kwa vidole viwili.

"Siku ya kwanza," Hesabu akasoma. "Mwalimu amefundisha vizuri sana. Watoto wameelewa. Siku ya pili: vilevile. Siku ya tatu: vilevile. Siku ya nne: vilevile, ila mtoto mmoja ametapika."

Msusi akaacha kuandika. "Mwalimu Hesabu. Wiki kumi na mbili nzima, vilevile?"

"Nifanyeje? Ndivyo alivyokuwa anafundisha."

Walicheka. Huo ndio ulikuwa usiku wa mwisho watu kucheka kwenye nyumba ile kwa muda. Walijaza zile "vilevile" kwa maneno marefu, wakaeleza nani ni nani, Hesabu akasaini, wakatuma kwa Msemakweli kabla wiki mbili hazijakwisha.

Kimya. Wiki moja. Ya pili. Kaimu alifungua barua pepe asubuhi, mchana, na akiwa amesimama kwenye mstari wa watoto wakiimba. Wiki ya tatu jibu likaja, na halikutoka kwa Msemakweli. Lilianza hivi: "Mwalimu mpendwa, mimi ndiye mshauri wako mpya." Huyo wa tano hakupewa jina. Hakuna aliyekuwa na hamu.

Msimamizi aliyetajwa hana digrii, barua ilisema. Maelezo yake hayawezi kupokelewa. Ombi limefungwa. Ukurasa wa pili ulikuwa na mpango mpya wa masomo: mazoezi kuanzia Januari, na masomo kumi ya kufidia zile thelathini. Muda, mwaka mmoja na nusu. Kumi hayo yalikuwa na majina ambayo Kaimu aliyafahamu vizuri. Mbinu za kufundisha kusoma. Malezi ya mtoto wa awali. Usimamizi wa darasa. Chini kabisa palikuwa na kitufe cha kubonyeza ndani ya siku thelathini: nakubali.

Aliandika swali moja. Je, akishamaliza yote haya na kupata digrii, kiti chake kitakuwa kinamngoja? Mshauri wa tano akajibu siku hiyohiyo, kwa adabu, kwamba masuala ya ajira yako nje ya ushauri wa kitaaluma.

"Bonyeza tu," Fundi akamwambia. Alikuwa amekaa ngazi ya mlangoni, ameshika kidhibiti joto cha friji la mtu. "Mwaka na nusu unapita."

"Nitakuwa karibu na miaka hamsini na tisa. Nitaipokea digrii, nikae nayo mwaka, nistaafu nayo."

"Hata hivyo."

"Kwenye kiti atakuwa amekaa mtu mwingine. Atakuwa amethibitishwa. Niisome ya nini, niitundike wapi?"

Fundi akakigeuza kile kifaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na alitaka sana kumfariji. "Kuna friji unaletewa," akasema, "unaligusa tu unajua limekufa. Mwenyewe anakwambia, fundi, jaribu kubadilisha taa ya ndani. Unabadilisha. Anafurahi linawaka."

Kaimu akamtazama. "Hilo ndilo ulilopanga kuniambia?"

"Lilikuwa zuri kichwani," Fundi akasema kwa unyonge.

Siku thelathini za kubonyeza zilipita. Hakubonyeza. Mama mkwe alimwombea kwa sauti kila asubuhi ili asikie, kisha akaacha. Msusi alikwenda kwa kila mwanamke mwenye mume ofisini, akawasuka vizuri kuliko kawaida, akauliza kwa mzunguko, akauliza wazi, mwisho akauliza akiwa ameshika nywele zao kwa nguvu kidogo. Majibu yalikuwa mamoja. Kila mtu alisikitika. Wote walimpenda Kaimu. Waraka ni waraka. Tarehe thelathini na moja Desemba Kaimu aliufungua ukurasa wake wa chuo, na penye diploma palikuwa bado pameandikwa thelathini. Siku ya pili yake pakaandikwa sifuri. Hawakumtumia hata barua.

Ofisa wa elimu alikuja wiki ya kwanza ya muhula kusimamia makabidhiano. Alisoma hotuba fupi ya shukrani kwa mwalimu aliyekaimu kwa uaminifu miaka minne.

"Saba," Hesabu akasema kutoka nyuma.

"Naam?"

"Miaka saba, mheshimiwa."

Ofisa akaangalia karatasi yake. "Hapa wameandika minne," akasema, akaendelea. Walimu wakapiga makofi. Kaimu akamkabidhi Digrii funguo, kengele, muhuri, na daftari la kuripotia, na akamwonyesha jinsi ya kulisukuma lile kabati kwa goti. Digrii alikuwa amevaa suti ya kuazima, mabega yamempwaya. Alimuuliza, kwa sauti ya chini, kama anataka kupewa darasa lolote, achague mwenyewe. Kaimu akasema la pili linatosha. Akamuuliza tena kama atakubali aje akae nyuma ya darasa na kumsimamia yale mazoezi, angalau zile kumi na mbili zipatikane.

"Acha, mwanangu," Kaimu akasema. "Una kazi nyingi."

Asubuhi ya siku iliyofuata alikuwa anawapanga watoto, wafupi mbele, wanaoona vibaya karibu na ubao, alipobishiwa hodi na mama mmoja aliyeshika mkono wa mtoto wa kiume anayelia. Mama huyo alikuwa ametokea getini moja kwa moja, kama alivyozoea.

"Mwalimu mkuu, samahani kukukatisha. Huyu nimemhamishia hapa, nimekuja na fomu yake. Ni hapa pa kusaini tu."

Kaimu aliiangalia fomu. "Nenda ofisini, mama. Mlango wa pili."

"Si wewe mwalimu mkuu?"

"Yuko mlango wa pili. Utamkuta."

Mama yule alisimama kidogo, akimtazama usoni kama mtu anayefikiri anataniwa. Halafu akamvuta mtoto wake wakaondoka, kilio kikienda nao kando ya ukuta mpaka mlango wa pili ukafunguliwa na ukafungwa. Kaimu akarudi ubaoni. Watoto sitini na mbili walikuwa wameshaanza kupigana kalamu. Akaandika tarehe, akawaambia wafungue ukurasa wa kwanza.